Sura ya Saba: Lumeni Laki Moja kwa Bei ya Machinga

Boksi ni jeusi, na juu yake kuna picha ya mwanajeshi aliyevaa kofia ya chuma, ameinua tochi usawa wa sikio. Chini ya picha zimepangwa sifa: lumeni 100,000, mita 2,000, betri ya miliampea-saa 9,900, haiingii maji, alumini ya ndege. Ndani, kwenye sponji iliyokatwa kufuata umbo la kila kifaa, kuna tochi yenyewe, betri moja nene, chaja, waya na kamba ya kuvaa mkononi. Muuzaji wa Kariakoo wala hapotezi muda kukusomea orodha. Anaiwasha mchana kweupe, anaielekeza ukuta wa ghorofa ng'ambo ya barabara, na duara jeupe linaonekana pale juu ya madirisha. "Hii ya wanajeshi, bosi. Mwizi ukimmulika na hii, anakaa chini mwenyewe."

Bei anayotaja, hata kabla hujaomba upunguziwe, ni ndogo kiasi cha kukutia shaka. Ukikataa, atakuonyesha nyingine yenye kichwa cha kuvuta, na nyingine yenye meno pembeni mwa kioo. Tochi za namna hii zimetapakaa kutoka Kariakoo hadi Luthuli Avenue, Nairobi, na jina lililoandikwa kwenye boksi hubadilika karibu kila kontena linapoingia. Wengi wetu tumeshazinunua. Wapo wanaoapa kuwa wamedumu nazo miaka, na wapo walioziona zikizima wiki ya pili. Wote wanasema kweli, na sura hii itaeleza kwa nini.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mwanga umekuwa rahisi, lakini betri haijawa rahisi. Ukilielewa hilo, utajua boksi lile limebana matumizi wapi, na utajua cha kukagua kabla ya kutoa hela.

Mwanga ulivyoshuka bei

Tochi za zamani zilikuwa na balbu ya uzi. Umeme ulipita kwenye uzi mwembamba wa tangsteni mpaka uzi ukang'aa kwa joto, na sehemu kubwa ya nishati ilipotea kama joto hilohilo. Ndiyo maana tochi yenye nguvu ilikuwa lazima iwe kubwa. Maglite, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1979 na kupendwa na polisi wa huko, ilikuwa bomba refu la alumini lililojazwa betri kubwa kadhaa kwa mstari. Uzito wake uliwafaa pia kama rungu.

Katika miaka ya 1980 kampuni nyingine ya Marekani, ambayo leo inaitwa SureFire, ilitoa tochi ndogo ya kiganjani, 6P, iliyotumia betri mbili za lithiamu na kuwashwa kwa kidole gumba kwenye mkia. Askari angeweza kuishika pamoja na bastola. Umbo ambalo leo unaliona kwenye kila meza ya machinga, yaani bomba fupi jeusi, swichi ya mkiani na kichwa kilichopanuka kidogo, limetokana na ukoo huo. Kumbuka na namba yake: tochi ile, iliyowafaa askari wenye silaha kwenye vyumba vya giza, ilitoa lumeni 65 hivi kwa muda wa saa moja.

Mapinduzi yalitoka Japani. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakiwa Nagoya, na Shuji Nakamura akiwa kampuni ya Nichia mkoani Tokushima, walifanikiwa kutengeneza LED ya bluu yenye mwanga mkali, kazi iliyokuwa imewashinda wengi. Nakamura alitangaza yake mwaka 1993. Ukishakuwa na bluu, nyeupe haiko mbali: LED hupakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano, na mchanganyiko huo jicho huuona mweupe. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Tangu hapo bei ya mwanga imeporomoka. Kipande cha LED kisichozidi ukubwa wa punje ya dengu kinaishinda balbu ya Maglite ya zamani, na kiwandani ni sehemu ndogo tu ya gharama ya tochi. Bomba la alumini nalo huchongwa kwa maelfu. Ile "alumini ya ndege" iliyoandikwa kwenye boksi ni aina ya kawaida inayotumika hata kwenye fremu za baiskeli. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei ya kutupa hana haja ya kukunyima mwanga wala bomba zuri. Anakunyima usichokiona.

Hesabu ya laki moja

Tuanze na namba kubwa kuliko zote. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, bila kujali umeelekea wapi. Mshumaa hutoa lumeni kumi na kitu. LED nzuri ya tochi, ikiwa haijalazimishwa kupita uwezo wake, hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja ya umeme. Tukimpendelea mwenye boksi na kuchukua 150, lumeni 100,000 zinadai wati 667 hivi.

Sasa tazama betri. Ile nene iliyomo ndani huitwa 18650, kwa maana kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Hata iliyo bora kabisa ya ukubwa huo inabeba takribani wati-saa 13. Gawanya mwenyewe: mwanga wa boksi ungeikausha kwa dakika moja na sekunde kumi. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya wati hizo zingegeuka joto, ungekuwa umeshika pasi ya moto kwa upande usio na mpini. Hata hivyo usiogope, kwa sababu haitatokea. Betri za 18650 zenye msukumo mkubwa kuliko zote hutoa wati mia moja hivi, tena kwa muda mfupi, na iliyomo kwenye boksi haikaribii hapo.

Mtu anaweza kusema teknolojia inakwenda mbio, labda Wachina wamegundua LED mpya. Lakini fizikia imeweka dari. Wati moja ya mwanga haiwezi kuzidi lumeni 683, na hiyo ni kwa mwanga wa kijani mtupu, rangi ambayo jicho huipokea vizuri kuliko zote. Kwa nyeupe dari ni ya chini zaidi. Laki moja kwa betri moja haitapatikana kesho wala keshokutwa.

Uwezo wa kweli wa tochi nyingi za aina hii ni wati tatu na nusu hivi, kwa maana hiyo lumeni 200 hadi 350 pale zinapowashwa. Hizo ni mara tatu, nne, hata tano ya ile 6P ya askari. Mwanga huo unatosha kumulika uwanja wa nyumba kutoka barazani mpaka kwenye uzio. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hapa kizuri chenyewe kimelazimishwa kujitembeza kwa uongo, kwa sababu boksi la jirani limeandikwa elfu themanini.

Mita 2,000 nazo zina hesabu yake. Mwaka 2009 watengenezaji wa tochi wa Marekani walikubaliana kiwango kiitwacho ANSI FL 1, ili kila mmoja aache kupima kwa fimbo yake. Kwa kiwango hicho, umbali wa tochi ni pale mwanga unapokuwa umefifia hadi luksi 0.25, karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Umbali huo unategemea ukali wa mwanga katikati ya duara, ambao hupimwa kwa kandela: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, umepata mita. Kandela 2,500 ni mita 100. Kandela 10,000 ni mita 200. Kila ukitaka umbali mara mbili, lazima ukali uzidi mara nne. Kwa mita 2,000 unahitaji kandela milioni moja, na hizo ni za taa zenye reflekta pana kama sahani. Kichwa cha tochi kinachoingia mfukoni hakizifikii kwa wati tatu na nusu. Tena zingatia kwamba kwa mwanga wa mbalamwezi unaona kuna kitu kimesimama, humtambui ni nani. Umbali wa kutambua mtu ni nusu au theluthi ya ulioandikwa, hata kwenye boksi la mkweli.

Utamjuaje mkweli? Anaandika namba ndogo na anazitaja pamoja: lumeni kadhaa kwa saa kadhaa, kandela kadhaa, na alama ya maji kama IPX4, yaani inahimili kurushiwa maji, au IPX7, yaani inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Lumeni bila saa ni nusu ya habari. Boksi lisilotaja saa limeficha betri.

Kilichomo ndani ya betri

Betri za 18650 zilizo bora sokoni huishia kati ya miliampea-saa 3,500 na 4,000. Zinatoka kwenye viwanda vichache vinavyofahamika, kama Panasonic, Samsung na LG, na bei ya moja tu iliyo halali mara nyingi hukaribia au kupita bei ya boksi zima la tochi ya machinga. Kwa hiyo 9,900 ni namba ya karatasi. Zikipimwa, betri za jamii hiyo mara nyingi hazifiki hata 1,500. Nyingine ni betri zilizochakaa, zimetolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani na kuvishwa plastiki mpya. Wapo waliozichana wakakuta ndani ya kopo kubwa kuna betri ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga.

Hapo ndipo penye mtego wenyewe. Chukua tochi mbili zinazofanana, moja itiwe betri ya 3,000, nyingine ya 1,000. Dukani huwezi kuzitofautisha. Dakika ya kwanza ukali wa mwanga unategemea LED, na LED ni zilezile. Tofauti inakuja saa tatu usiku: moja inaendelea, nyingine imeanza kufifia, kisha inazima. Muuzaji anapomulika ghorofa ng'ambo ya barabara anakuonyesha sehemu iliyo rahisi kutengeneza. Hakudanganyi, lakini jaribio lake halihusu kile unachokilipia. Ukinunua kwa jaribio hilo peke yake, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna na suala la usalama, ambalo ni zito kuliko la hela. Betri ya lithiamu hujazwa mpaka volti 4.2, na chaja inapaswa kukata umeme hapo. Chaja nyepesi inayokuja na boksi mara nyingi haina uangalifu huo, inaendelea kusukuma. Betri iliyojazwa kupita kiasi hupata joto, na ikizidiwa hulipuka kwa moto usiozimika kirahisi. Usiichaji juu ya godoro, usiichaji ukiwa umelala, na usiitupie mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa sababu chuma kikiunganisha ncha zake mbili inatosha kuunguza suruali pamoja na paja. Ikivimba, ikitoboka au ikitoa harufu, isirudi kwenye tochi. Na tochi inayotumia betri mbili kwa mstari isipewe betri mbili usizozijua: moja ikiwahi kuisha, nyingine huilazimisha kinyume, na hapo ndipo ajali hutokea.

Baadhi ya tochi za kijeshi za bei poa huja pia na kitungi cha plastiki cha kuweka betri tatu ndogo za AAA. Hizi ni salama zaidi na zinapatikana kila duka la Mangi. Lakini betri hizo za kawaida hubeba umeme kidogo mno, na katika tochi inayokula ampea moja zinashuka haraka sana. Tuseme seti ya tatu inauzwa shilingi 1,500 na inakufaa siku tatu. Mwezi ni shilingi 15,000, mwaka ni 180,000. Tochi ya bei rahisi kuliko zote mezani imekuwa ghali kuliko zote nyumbani, na hakuna siku hata moja uliyohisi unalipa hela nyingi.

Ndugu yake wa ukutani

Majumbani kuna aina nyingine inayouzwa kwenye meza hizohizo: tochi ya plastiki ya kuchaji, yenye pini za kukunja zinazochomekwa moja kwa moja ukutani. Nyingi hazina lithiamu. Zina betri ndogo ya risasi na asidi, ya volti nne, jamii moja na ya gari. Betri ya namna hii ina tabia moja mbaya: ikiachwa tupu, fuwele za salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake na kuziba mlango wa umeme. Baada ya miezi michache haipokei chaji tena.

Sasa angalia jinsi tunavyoitumia. Umeme unakatika, tochi inatolewa kabatini, inatumika mpaka inafifia. Umeme ukirudi kila mtu anashangilia, tochi inarudi kabatini tupu. Umeme ukikatika tena baada ya miezi miwili, tochi haiwaki, na lawama anapata Mchina. Tochi ya risasi ichajiwe mara baada ya kutumika, na hata kama haikutumika ichajiwe kila mwezi. Ukifanya hivyo hukaa muda mrefu kuliko sifa zake.

Ila usiishike wala usiiwashe ikiwa bado imechomekwa, hasa kama plastiki imepasuka. Nyingi hazina transfoma ndani. Umeme wa ukutani hupunguzwa kwa kapasita tu, na maana yake ni kwamba waya za ndani, pamoja na chuma chochote kinachozigusa, zinaweza kuwa na umeme kamili wa nyumba. Mtoto asiachiwe kuichezea kwenye soketi.

Malalamiko haya si mapya. Mwaka 2009 watafiti wa mradi wa Lumina, wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, waliwahoji watumiaji wa tochi za LED nchini Kenya na kuzipima tochi zenyewe. Walikuta LED imeshaisukuma balbu ya uzi nje ya soko kwa muda mfupi sana, na walikuta pia watumiaji wengi wamepata hitilafu ndani ya miezi michache ya kununua. Hofu yao ilikuwa kwamba mtu akiumwa na tochi mbovu ataichukia hata taa nzuri ya sola inayokuja baadaye. Karibu na wakati huohuo mpango wa Lighting Africa wa Kundi la Benki ya Dunia, ulioanzia majaribio Kenya na Ghana, ulianza kupima taa za sola na kuzitambua zile ambazo maandishi ya boksi yanalingana na kilichomo. Taa ndogo za sola zimenufaika na upimaji huo. Tochi ya kijeshi ya bei poa imeachiwa macho yako.

Fungua kabla ya kulipa

Macho hayo yanatosha, ukijua pa kuyaelekeza.

Anza na betri. Itoe, ishike kiganjani. 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ya uongo mara nyingi ni nyepesi waziwazi, na mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi. Kama imeandikwa zaidi ya 4,000, huhitaji hata mizani.

Fungua mfuniko wa nyuma kwa kuuzungusha. Nyuzi zake zizunguke laini bila kukwama wala kuchezacheza. Ndani uone springi nene iliyosimama wima, na kwenye shingo ya bomba uone oringi ya mpira. Bila oringi, hadithi ya kutoingia maji imeishia hapo. Tochi za kuvuta kichwa ndizo dhaifu zaidi kwa maji, kwa kuwa kila ukikisukuma kichwa hewa hutoka na kuingia, na pale hewa inapopita unyevu nao hupita. Tena ukikivuta kichwa mpaka mwisho, utaona ukutani picha ya mraba: hiyo ni sura ya LED yenyewe. Inaonekana kali, lakini sehemu kubwa ya mwanga imebaki ndani ya kichwa bila kutoka.

Iwashe kwa nguvu ya mwisho na uendelee kupatana bei, ukiwa umeishika shingoni. Baada ya dakika tatu au tano bomba linapaswa kuwa na uvuguvugu. Joto hilo ni habari njema: linatoka kwenye LED na kusafiri kwenye alumini. Bomba likibaki baridi wakati mwanga ni mkali, joto limefungiwa nyuma ya LED na linaipika. Kisha mwombe muuzaji awashe ya pili inayofanana nayo, na muziweke sambamba kwenye ukuta wenye kivuli. Kama yako imeshapoteza ukali kwa dakika tano, fikiria itakuwaje baada ya saa.

Igonge kwenye kiganja ikiwa inawaka. Ikipepesa, swichi au springi ina kasoro. Mwisho, mulika mkono wako mwenyewe. Mwanga wa bluu sana huifanya ngozi kuwa ya kijivu kama ya maiti, na mwanga unaozika rangi hivyo huzika pia nyoka wa kahawia aliyelala juu ya majani makavu. Ukipewa kuchagua kati ya mkali wa bluu na wa wastani unaoonyesha rangi, chukua wa pili.

Kazi inachagua tochi

Baada ya ukaguzi huo bado kuna swali la nani ataitumia. Mfikirie mlinzi wa usiku getini. Anasikia kishindo nyuma ya tangi la maji. Anabonyeza mkia wa tochi: mwanga mkali unamulika tangi, hakuna kitu, ni paka. Anataka kuuzima, lakini kidole kimegusa nusu tu, na tochi inahamia mwanga mdogo. Anagusa tena: sasa inapepesa haraka, ile hali ambayo boksi linasema inamchanganya adui. Adui hayupo, anayechanganyikiwa ni yeye, maana macho yaliyokuwa yamezoea giza yamejaa duara za zambarau, na mtaa mzima umejua mlinzi yuko wapi. Anagusa tena: inatoa ishara ya kuomba msaada ya mabaharia. Ni mguso wa tano ndio unaomrudishia giza lake. Hali nne zinaonekana utajiri dukani, lakini kazini zinageuka mzigo. Mlinzi anahitaji mbili, mkali na mdogo, na swichi ambayo ikibonyezwa mara moja inatii. Yale meno ya kichwani, yaliyoigwa kwa askari, yanamtoboa mfuko.

Kwa mlinzi, muuguzi wa zahanati isiyo na umeme wa uhakika, au fundi wa magari anayeitwa njiani usiku, tochi ni chombo cha kazi. Kuzima kwake saa nane za usiku kuna gharama ambayo haimo kwenye risiti. Huyo asinunue boksi lile kama lilivyo.

Kwa mwenye nyumba anayetaka kitu cha kushika umeme unapokatika, au kwenda kuangalia kuku waliopiga kelele, tochi ile inafaa. Lumeni zake 250 za kweli ni nyingi kuliko mahitaji yake. Ndani ya chumba lumeni 20 zinatosha kutembea bila kujikwaa, na njiani 100 zinatosha kabisa. Akiitumia kwa mwanga mdogo, hata betri hafifu itamvusha usiku.

Hukumu

Je, inafaa kununuliwa? Bomba linafaa. LED inafaa. Betri na chaja, mara nyingi sana, havifai. Anayejua hivyo anaweza kufanya biashara nzuri: anunue tochi iliyopita ukaguzi, ikiwezekana bila betri, kisha atafute betri moja halali ya 18650 na chaja inayokata umeme yenyewe, kwa wauzaji wa vifaa vya sola au mafundi wa simu na kompyuta wanaoaminika. Kama mfuko una shilingi 40,000, ni afadhali 12,000 iende kwenye tochi na 28,000 kwenye betri na chaja, kuliko 40,000 nzima kuishia kwenye boksi lenye picha ya mwanajeshi. Tochi ikiharibika, betri na chaja vinahamia kwenye tochi nyingine. Hiyo ndiyo sehemu ya mali inayobaki.

Asiye na muda wa kutafuta hayo yote, au asiye na wa kumwamini kwa betri, anunue tochi rahisi zaidi isiyojifanya askari: yenye LED moja, hali mbili, na inayotumia betri za AA za kuchaji tena. Atapata mwanga pungufu kwa macho ya dukani, na mwingi kwa hesabu ya mwaka.

Na ukisimama mbele ya meza ile, usibishane kuhusu laki moja. Muuzaji hakuiandika yeye, na ukibishana atakumulika ghorofa tena. Muulize jambo moja: "Betri yake nyingine unayo, na unaiuza shilingi ngapi?" Kama anayo na bei yake inakushtua, huenda ni ya kweli, ipime uzito. Kama anakuuzia kwa bei ya chai na andazi, umeshajua kilichomo ndani ya tochi. Na kama hana kabisa, basi lipa bei ya bomba tupu, kwa sababu hicho ndicho utakachobaki nacho.